Unga Huu Badala ya Ule: Kinachobadilika Ukibadilisha Unga wa Mkate, Keki na Biskuti

Makosa mengi ya kubadilisha unga huanzia kwenye kikombe. Kikombe cha mililita 240 kikijazwa unga mweupe wa ngano kwa kijiko, kisha kikasawazishwa kwa kisu, hubeba gramu 120 hadi 125. Kikombe hichohicho kikichotwa moja kwa moja kutoka kwenye mfuko hufika gramu 140 au 150, kwa sababu unga umejishindilia. Unga wa mchele hufika 150 na zaidi, wa lozi huishia karibu 96, wa oti karibu 90. Anayetoa kikombe cha ngano na kuweka kikombe cha mchele amekwisha ongeza unga kwa robo kabla hata hajagusa maji. Keki ikitoka kavu, lawama zote humwendea mchele.

Kwa hiyo pima kwa mizani. Resipe ikisema vikombe viwili vya unga wa ngano, isome kama gramu 250, kisha anza na gramu 250 za unga mpya. Unga wa nazi peke yake hauingii katika kanuni hii, na tutaufikia.

Mizani inaondoa tatizo moja tu. Lililo kubwa zaidi ni kwamba unga hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na kila aina ya unga inaziweza baadhi ya kazi hizo na kushindwa nyingine. Swali la kujiuliza kabla ya kubadilisha si kama unga huu unafanana na ule kwa rangi au kwa ulaini. Jiulize unga ulikuwa unafanya kazi gani ndani ya resipe hiyo.

Kazi ya kwanza ni kushika umbo. Ngano ina protini mbili kuu, gliadini na glutenini. Zikilowa maji na kukandwa, hushikana na kuwa gluteni, utando unaovutika bila kukatika upesi. Gliadini inaufanya uvutike, glutenini inaufanya urudi ukivutwa. Hamira ikitoa gesi, utando huu ndio unaoinasa na kuumuka nayo. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, muhogo na jamii yote ya kunde havina gluteni. Vingine vina protini nyingi kuliko ngano, lakini hazijengi utando wa namna hiyo, kwa hiyo kiwango kikubwa cha protini kwenye unga wa dengu hakikusaidii lolote mkate unapoumuka.

Kazi ya pili ni ya wanga. Chembe za wanga zikipata joto na maji huvimba, hunyonya maji na kugeuza rojo kuwa kitu kinachokatika kwa kisu. Wanga wa ngano huanza mabadiliko hayo kwenye nyuzi 58 hadi 64 za Selsiasi. Wa mchele, mara nyingi, husubiri nyuzi 68 hadi 78. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya keki ya mchele iliyotolewa mapema iwe na utelezi katikati ilhali juu imekwisha kupata rangi nzuri.

Kazi ya tatu ni kunyonya maji, na hapa unga hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Baadhi hunyonya upesi, baadhi polepole, baadhi mara kadhaa ya uzito wake.

Ukizijua kazi hizo tatu, utaona kwa nini biskuti hukubali karibu unga wowote na mkate wa hamira hukataa. Mkate unaitegemea gluteni kwa kila kitu. Keki inasimama kwa wanga na mayai zaidi kuliko gluteni, kwa hiyo huvumilia mabadiliko ya theluthi au hata nusu ya unga wake. Biskuti hazihitaji kupanda. Zinahitaji kushikana tu, na siagi na sukari husaidia. Sosi nzito haihitaji gluteni hata kidogo.

Ngano kwa ngano

Hata ndani ya ngano yenyewe kuna ngazi. Unga wa keki una protini asilimia 7 hadi 9, wa matumizi yote 10 hadi 12, wa mkate 12 hadi 14. Angalia jedwali la virutubisho kwenye mfuko, mstari wa protini kwa gramu 100. Kama tarakimu zimekadiriwa mno au hazipo, kuna jaribio linalohitaji bakuli na maji tu. Kanda gramu 100 za unga na mililita 60 za maji kwa dakika tano, funika, acha nusu saa. Kisha tumbukiza donge ndani ya bakuli la maji baridi na ulifinyange polepole. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Huo ni wanga unatoka. Yamwage, weka mengine, endelea mpaka maji yasibadilike rangi tena. Kitakachobaki mkononi ni kitu cha rangi ya kijivujivu kinachovutika, na hiyo ndiyo gluteni mbichi. Ipime. Unga wa matumizi yote kwa kawaida hubakiza gramu 25 hadi 30. Ikibaki chini sana ya hapo, au ikivunjikavunjika badala ya kuvutika, unga huo utengee keki na biskuti.

Kugeuza unga wa matumizi yote uwe wa keki ni rahisi. Katika kila gramu 250, toa gramu 30 na uweke gramu 30 za wanga wa mahindi, ule mweupe unaotumika kuzitia sosi uzito, kisha chekecha pamoja mara mbili. Protini iliyokuwa asilimia 11 hushuka chini ya 10, na keki inakuwa laini zaidi. Mbinu hii ina mpaka wake, na ni vizuri kuujua kabla ya kupoteza mayai sita. Unga wa keki wa Marekani mara nyingi umepitishwa klorini, jambo ambalo limepigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya. Klorini hubadilisha wanga ili uweze kubeba sukari na mafuta mengi zaidi. Resipe ya Kimarekani yenye sukari nzito kuliko unga imetungwa kwa unga huo. Ukitumia mchanganyiko wa nyumbani, keki inaweza kupanda vizuri kisha ikazama katikati. Punguza sukari mpaka isizidi uzito wa unga.

Safari ya kwenda upande wa pili, kutoka unga wa kawaida kwenda wa mkate, inahitaji gluteni kavu inayouzwa kama unga, yenye protini kama asilimia 75. Hesabu yake si ya kubahatisha. Gramu 500 za unga wa asilimia 10 zina gramu 50 za protini. Ili kufika asilimia 12.5 unahitaji gramu 62.5. Ukitoa gramu 19 za unga na kuweka gramu 19 za gluteni, umefika. Ongeza na maji kidogo, mililita 20 hadi 30, maana gluteni kavu ina kiu. Ichanganye na unga ikiwa kavu kwanza. Ikikutana na maji peke yake huganda madonge ambayo hayakandiki tena.

Unga unaoumuka wenyewe ni unga wa kawaida ulioongezwa beking poda na chumvi. Kwa kila gramu 125 za unga wa kawaida, weka kijiko kimoja na nusu cha chai cha beking poda na robo kijiko cha chumvi, uchekeche. Ukienda kinyume, yaani unao huo na resipe inataka wa kawaida, ondoa beking poda na chumvi ya resipe. Lakini kama resipe ina bikaboneti ya soda pamoja na maziwa ya mgando au kitu kingine chenye uchachu, usibadilishe kabisa. Bikaboneti pale inakwenda na asidi kwa kipimo, na ukiongeza kichumushi (kitu cha kuumusha) cha pili keki hupanda haraka kuliko inavyoweza kujishika, kisha hushuka. Wala usitumie unga huo kwa mkate wa hamira.

Unga wa ngano nzima ndio unaowadanganya wengi. Kwenye mfuko unasoma protini asilimia 13 au 14 na unadhani una nguvu kuliko mweupe. Sehemu ya protini hiyo iko kwenye pumba na kiini cha punje, na haijengi gluteni. Vipande vya pumba huingia katikati ya utando na kuukata. Kiini nacho kina glutathioni, kemikali inayolegeza gluteni. Kwa hiyo mkate unatoka mdogo na mzito, na watu huzidisha hamira, jambo lisilosaidia, kwa sababu gesi haikupungua. Kilichopungua ni cha kuishika.

Dawa yake ni maji na muda. Kwa mkate wa gramu 500 za unga na mililita 325 za maji, badilisha nusu, gramu 250, na upandishe maji mpaka mililita 350. Changanya unga na maji tu, bila hamira wala chumvi, uache dakika 30. Donge lililokuwa linanata mwanzoni litakuwa limekaza lenyewe, kwa kuwa pumba zimelowa na kulainika. Hapo tia hamira na chumvi, ukande. Ukipita nusu, ongeza gluteni kavu au ukubali mkate mfupi, ambao kwa kweli ni mtamu sana. Na kwa kuwa kiini kina mafuta, weka unga huo kwenye friji. Ukinuka kama karanga zilizochacha, umeharibika.

Rai, nafaka iliyo ndugu wa ngano, ina protini za jamii ya gluteni lakini dhaifu, na ina pentosani, nyuzi zinazonyonya maji mengi na kunata. Donge la rai hata ukilikanda saa nzima halilainiki kama la ngano, kwa hiyo usikande, changanya tu. Ikizidi nusu ya unga wote, tumia chachu ya asili iliyochacha vizuri, kwa sababu asidi yake huzuia vimeng'enya vinavyovunja wanga. Bila hiyo, ndani ya mkate hubaki kama gundi.

Kuchanganya unga usio na gluteni na ngano

Hapa ndipo jikoni wengi wanapopatia, na hapa pana nafasi kubwa kuliko watu wanavyoitumia. Kwa mkate wa hamira, kipimo salama ni asilimia 20. Sababu inaonekana kwenye hesabu: gramu 400 za ngano yenye protini asilimia 12 zikichanganywa na gramu 100 za muhogo au mahindi, protini inayojenga gluteni inashuka hadi asilimia 9.6 ya unga wote. Huo ni mpaka wa mkate kupanda vizuri. Ukianza na ngano ya asilimia 10, utaangukia 8, na mkate utakaa kama tofali.

Kwa mahindi, tatizo ni chembe. Zinanyonya maji polepole, na zikiingia tanurini bado zina kiu hukwaruza meno, kisha huendelea kuvuta unyevu kutoka kwenye mkate hata baada ya kuiva, ndiyo maana mkate wa kesho yake humomonyoka. Chukua gramu 100 za unga wa mahindi uweke kwenye bakuli. Kwa resipe ya maji mililita 340, chota mililita 150 kati ya hizo, zichemshe, umimine juu ya unga huku ukikoroga. Utapata kitu kizito kama uji ulioganda. Kiache kipoe mpaka uweze kutia kidole bila kukitoa kwa haraka, chini ya nyuzi 40, kwa sababu hamira hufa joto likikaribia nyuzi 60. Kisha ongeza gramu 400 za ngano, maji yaliyobaki, hamira na chumvi, ukande kama kawaida. Usisubiri donge liwe mara mbili. Likifika mara moja na nusu lipeleke kwenye oveni, maana utando wake ni mwembamba na ukizidisha muda hupasuka na kushuka.

Muhogo unahitaji tahadhari ya kabla ya kununua. Unga wa muhogo ni mzizi mzima uliokaushwa na kusagwa. Wanga wa muhogo ni wanga peke yake uliokamuliwa na kuoshwa. Vyote ni vyeupe na laini, na mifuko yake hukaa jirani. Ukiweka gramu 100 za wanga mahali pa unga, mkate utapanda lakini ndani utavutika na kunata hata ukioka dakika kumi zaidi. Kusugua kidogo kati ya vidole kunatosha kuvitofautisha: wanga hulia kwa mkwaruzo, unga hauna sauti.

Mtama, uwele na ulezi huingia kwa asilimia 20 kwenye mkate na hadi 50 kwenye keki. Mtama mwekundu wa baadhi ya aina una tanini na huacha uchungu. Chagua mweupe kwa keki. Ulezi hutia rangi ya kahawia inayofanya ushindwe kujua kwa macho kama keki imeiva, kwa hiyo tegemea kijiti au kipimajoto.

Dengu na soya zina protini nyingi, na protini hiyo ikikutana na sukari kwenye joto hupata rangi mapema. Ukizitumia kwa robo ya unga, shusha oveni kwa nyuzi 10 hadi 15. Rojo lake bichi lina ladha kali ya kunde mbichi ambayo huondoka likiiva. Usilionje na kukata tamaa, na kwa kweli usionje rojo lolote lenye unga mbichi, kwani unga mbichi unaweza kubeba bakteria.

Bila ngano kabisa

Ukiondoa ngano yote, hakuna unga mmoja unaoweza kushika nafasi yake. Unahitaji vitu vitatu: unga wenye mwili, wanga wa kulainisha, na kishikio. Uwiano unaofanya kazi vizuri ni asilimia 70 za unga na 30 za wanga. Kwa gramu 400, weka 200 za mchele, 80 za mtama mweupe na 120 za wanga wa muhogo au wa mahindi. Mchele peke yake hutoka na mchanga mdomoni. Mtama unaupa mwili, wanga unaondoa ukavu.

Kishikio hutegemea unachooka. Biskuti hutosheka na robo kijiko cha chai cha gundi ya zanthani (unga wa kugandisha, xanthan gum) kwa gramu 125 za mchanganyiko, na zikiwa na yai mara nyingi hazihitaji. Keki inataka nusu kijiko. Kwa mkate napendelea maganda ya mbegu za siliamu (psyllium): gramu 20 kwa gramu 400 za mchanganyiko, yakorogwe kwanza ndani ya mililita 380 hadi 420 za maji mpaka yawe kama jeli, kisha unga uingie. Zanthani hushika, lakini ikizidi mkate huwa na utelezi. Siliamu hutoa donge unaloweza kulifinyanga kwa mkono.

Rojo la keki ya mchele liache dakika 30 kabla ya kulioka, mchele upate kulowa. Mkate uinue mara moja tu, ndani ya kopo lake, kwa kuwa hakuna gluteni ya kujijenga upya ukiupiga chini. Oka kwa nyuzi 200 kwa saa moja au kidogo zaidi, mpaka katikati pafike nyuzi 96 hadi 98, kisha uuache upoe kabisa, angalau saa mbili. Ukiukata moto, wanga haujakaza na kisu kitatoka na gundi.

Kama unamwokea mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao mwili wake hudhurika kwa gluteni, mambo ni mazito zaidi ya ladha. Rai, shayiri, spelti (aina ya ngano) na semolina (ngano iliyosagwa chengachenga) zote zina gluteni. Oti husagwa na kusafirishwa pamoja na ngano mara nyingi, kwa hiyo tafuta zilizothibitishwa. Soma hata kopo la beking poda, kwani baadhi huchanganywa na wanga wa ngano, na usitumie chekeche lililowahi kupitisha unga wa ngano.

Nazi, lozi na mbegu

Unga wa nazi ni makapi ya nazi yaliyokamuliwa, kukaushwa na kusagwa, na umejaa nyuzinyuzi. Gramu 30 zake hufanya kazi ya gramu 125 za ngano. Kwa kila gramu 30 ongeza yai moja na kama mililita 60 za maziwa au maji, usubiri dakika tano kabla ya kuamua kama rojo ni zito. Hauingii mkate wa hamira.

Lozi ni kinyume chake. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta na wanga wake ni kidogo, kwa hiyo haunyonyi maji mengi na hauvimbi. Robo ya unga wa keki inaweza kuwa lozi bila kubadilisha kingine chochote, na keki hukaa na unyevu kwa siku kadhaa. Ukizidisha, punguza siagi na ushushe oveni kwa nyuzi 10 hadi 15.

Unga wa mbegu za alizeti unaweza kugeuza ndani ya keki kuwa kijani. Si kuvu. Mbegu hizo zina asidi ya klorojeniki, nayo ikikutana na bikaboneti ya soda hubadilika rangi, wakati mwingine saa kadhaa baada ya kuoka. Keki hiyo inalika. Badala ya bikaboneti tumia beking poda, au tia kijiko cha maji ya limau.

Kusoma kilichotoka

Keki iliyozama katikati na pembeni imekauka ilikuwa na sukari au kichumushi kingi kuliko unga mpya unavyobeba, au ilitolewa kabla wanga haujakaza. Mstari mbichi chini, juu pameiva, ni maji mengi mno au kopo refu mno; unga usio na gluteni huiva vizuri zaidi kwenye kopo dogo. Mkate uliopasuka ubavuni ulikuwa mkavu au haukupewa muda wa kutosha wa kuumuka. Uliojikunja juu kama bonde ulipewa mwingi. Biskuti zinazovunjika ukizishika zinataka kishikio au yai, na pia zinataka kuachwa kwenye trei dakika kumi kabla ya kuguswa. Zikitambaa na kuwa bapa, weka donge kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka, kisha ongeza gramu 15 za unga kwa kila 250 katika mara inayofuata, si zaidi.